Ami Serahangi Ajibu: Pikipiki Baharini na Hema Juu ya Sitaha

Toleo lililopita mhariri alitangaza kwamba ukurasa huu utapokea maswali ya wanaosafiri baharini na pikipiki zao, kisha akanitupia bahasha lote la barua mlangoni kwangu. Nyingi zauliza lile lile, basi nimechagua zilizouliza vizuri na nimezifupisha. Kwa asiyenijua: nimekula chumvi ya bahari tangu nikifagia sitaha hadi nikawa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia na kamba zao. Sasa nimestaafu, nakaa Mji wa Kale wa Mombasa, na nina pikipiki inayowakera majirani. Mambo ya kufunga kamba niulize. Bei za nauli ulizeni kwenye dirisha la tiketi.

Shikamoo ami. Binamu yangu yuko Seattle, Marekani. Ana pikipiki mbili na amenialika Julai tupande meli ya kwenda Alaska. Asema pikipiki zitakaa chini pamoja na magari, na sisi tutalala juu ndani ya hema siku tatu, bila kulipia chumba. Mamangu asema binamu amerukwa na akili na mimi namfuata. Jambo hili lipo kweli? Na kama lipo, tujiandae vipi?
*Kijana wa Kibokoni*

Marahaba mwanangu. Mwambie mama, kwa adabu zako zote, kwamba binamu yako ni mzima. Jambo hilo lipo na linaruhusiwa. Meli hizo ni za serikali ya jimbo la Alaska, zaitwa Alaska Marine Highway, na zimeanza kazi 1963. Serikali inaendesha meli kwa sababu miji mingi ya upande ule imebanwa baina ya milima na maji, haina barabara ya kutokea. Juneau, mji mkuu wa jimbo lenyewe, huufikii kwa gari wala kwa pikipiki ukitokea kwingine; ni ndege au meli. Kwa hiyo humo melini utakutana na watu wa kila aina: wanaohama na makochi yao, wavuvi, wazee wanaorudi kutoka hospitali. Watalii kama nyinyi pia wamo.

Mtapandia Bellingham, mji ulio kaskazini mwa Seattle, kama kilomita 140 hivi. Hapo hadi Ketchikan, bandari ya kwanza ya Alaska, ni saa 38 au karibu yake. Mkiendelea hadi Haines ni siku tatu na ushei. Njia hupita baina ya visiwa na pwani ya Kanada, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji imekingwa, husikii chochote ila injini. Lakini ziko sehemu mbili ambapo visiwa hukatika na mawimbi ya bahari kuu huingia ubavuni: Queen Charlotte Sound na Dixon Entrance. Hapo ndipo pikipiki iliyofungwa kizembe hulala chini, nayo haianguki peke yake. Itaangukia ya binamu yako, na hiyo itaangukia gari la mtu msiyemjua.

Sasa tuje kwenye kamba, maana hapa ndipo nina la kusema.

Kule mwenye pikipiki huja na mikanda yake. Baharia atakuonyesha mahali pa kuegesha na pete za chuma za sakafuni, na kuanzia hapo kazi ni yako. Hata akijitolea kukufungia, mshukuru kisha funga mwenyewe. Yeye ana magari ya kupanga na hajui pikipiki yako imechoka wapi. Kwa kila pikipiki nunueni mikanda minne yenye racheti, yaani kile kikazio cha meno kisichorudi nyuma, na vitanzi vinne vya utepe laini wa kupitisha kwenye chuma ili ndoano isikwaruze. Na mipira ya tyubu iacheni nyumbani. Najua hapa Mombasa mpira wa tyubu umefunga magodoro, makreti ya soda, magunia ya makaa, mbuzi, na kabati la bibi harusi likiwa na kioo chake. Lakini kazi ya mpira ni kuvutika. Pikipiki ya kilo 200 ikishapewa nafasi ya inchi moja, wimbi linalofuata litaipa mbili. Bebeni kipande kimoja tu cha shibiri mbili. Kina kazi yake.

Ingia melini kwa gia ya kwanza, polepole, miguu karibu na sakafu. Ile ni bamba ya chuma iliyopakwa rangi, juu yake pana maji na mafuta ya malori, kwa hiyo usikate kona huku umebana breki ya mbele. Ukishafika mahali pako zima injini, gia ya kwanza ibaki imeingia. Tumia stendi ya pembeni. Wako watakaokuambia stendi ya kati ndiyo imara, na gereji ni kweli. Melini huinua pikipiki juu ya miguu miwili iliyokaribiana, chombo kikiinama mbele inateremka yenyewe. Kisha chukua kile kipande cha mpira wa tyubu, bana breki ya mbele, na uifunge ikiwa imebanwa hivyo hivyo kwenye mshiko. Gurudumu la mbele limekwisha habari yake.

Mikanda miwili ya mbele ipitishe chini ya usukani, pale penye chuma kinachoshika shokapu mbili za mbele. Usifunge kwenye mishiko, mishiko huzunguka. Mmoja uende kulia na mwingine kushoto, yote ikivuta chini na mbele kidogo. Kaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, na macho yako yawe kwenye shokapu. Zikizama nusu ya mwendo wake, acha. Ukikaza hadi zikafika mwisho utapasua sili za mafuta. Ukikaza kidogo mno, kila meli inaposhuka shokapu hubonyea, mkanda hulegea kwa nukta moja, na nukta hiyo yatosha ndoano kuchomoka. Mikanda ya nyuma ifunge kwenye fremu au keria madhubuti, kazi yake ni kuzuia mkia usitembee. Ncha zinazoning'inia zikunje uzifunge fundo. Mwisho ishike pikipiki kwa mikono miwili uitikise kwa nguvu zako zote. Ukiona unatikisika wewe na yenyewe imetulia, umefunga. Kama ina king'ora kizime, au utatangazwa jina kwenye spika usiku wa manane.

Jambo moja wengi hawalijui mpaka limewafika: meli ikishaondoka, sitaha ya magari hufungwa. Utaruhusiwa kushuka meli ikiwa bandarini, na nyakati chache zinazotangazwa. Kwa hiyo hema, sweta, dawa, chaja na pasipoti beba kabisa unapopanda juu. Na kila mkifunguliwa mlango bandarini, hata kama huna haja ya kitu, shuka ukaze mikanda upya. Mkanda mpya hulegea siku ya kwanza, wote ndivyo ulivyo.

Haya, hema. Lazima liwe la kusimama lenyewe bila vigingi, maana hutatoboa chuma cha serikali ya watu. Linashikwa kwa tepu, ile pana ya kitambaa yenye rangi ya fedha, na kule wote hufanya hivyo. Jioni utaona mahema yamepangwa kwenye sitaha ya nyuma yote yamebandikwa kama viraka. Tepu haishiki chumvi. Futa sakafu kwa kitambaa chenye maji matamu, kisha kwa kikavu, ndipo ubandike vipande virefu kila pembe, nusu juu ya hema na nusu juu ya chuma. Mizigo iingie ndani kwanza kabla hujainua paa. Upepo usiudharau kwa kuwa bahari imetulia: meli ikienda noti 16, hiyo ni karibu kilomita 30 kwa saa, na upepo wa kiasi hicho unao usoni hata siku ambayo jani halitikisiki nchi kavu. Nimeona hema tupu likiondoka sitahani kwa adabu kabisa, likapita juu ya reli na kwenda zake.

Kuchagua mahali ni kazi ya mwanzo, kwa hiyo kati yenu wawili, atakayemaliza kufunga pikipiki yake asimsubiri mwenzake, apande ngazi na hema kwapani. Tafuteni nyuma ya jengo la meli, upande wa demani, yaani ule usiopigwa na upepo. Msikae mbele ya mlango wala karibu na boti za kuokolea wala pale pameandikwa mahali pa kukusanyikia. Mtaondolewa, na ni haki. Kisha pitisha kidole juu ya reli. Kikitoka cheusi, moshi wa dohani hutua hapo, sogea. Kikitoka na unyevu wa chumvi tu, pazuri. Baadhi ya meli hizo zina baraza moja juu nyuma, ina paa, ubavu uko wazi, na darini pana hita za umeme. Hapo watu hulala kwenye viti vya kujinyoosha bila hema kabisa. Mkiona mawingu yameshuka, wahini hapo na hema mlisahau. Ketchikan hupata mvua zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka. Sisi Mombasa twapata kama 1,000 na barabara ya Mwembe Tayari hugeuka mto.

Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Chuma hunyonya joto la mwili kutoka chini, kwa hiyo mkeka na shuka havitoshi. Mnataka godoro la kukunja na mfuko wa kulalia wenye joto. Laleni vichwa vikielekea omo, mbele ya meli, na begi moja kila ubavu, chombo kikiyumba msibingirike. Taa za sitahani hazizimwi. Kikoi chako kifunge machoni. Jiko la gesi wala la mafuta haliruhusiwi kuwashwa, msijaribu hata kuchemsha chai. Bafu za abiria zipo, na mkahawa upo.

Karatasi, kwa haraka. Haines ina barabara, lakini kilomita 65 hivi kutoka hapo unaingia Kanada, na ukitaka kufika Anchorage kwa pikipiki ni lazima uikate Kanada kwanza ndipo urudi Alaska. Pasipoti ya Kenya yataka viza ya Kanada, na viza yako ya Marekani iwe ni ya kuingia zaidi ya mara moja. Binamu yako kama ana kadi ya ukaazi wa kudumu, taabu yake ni ndogo. Leseni ya kimataifa utaipata AA Kenya, na leseni yako ya hapa iwe na daraja la pikipiki kweli, si ile ya gari uliyoizoea kumwonyesha askari. Huko huendesha kulia. Siku ya kwanza mwache binamu atangulie.

Assalaam alaykum. Mimi ndiye mama wa huyo anayejiita Kijana wa Kibokoni. Barua yake niliiona mezani kabla hajaituma. Mimi sijui mambo ya racheti. Nataka unijibu: atakula nini, na ataswali akielekea wapi?
*Mama yake*

Waalaykumu salaam, mama. Nimecheka, nisamehe.

Chakula kipo cha kununua, ila kama una wasiwasi na nyama zao basi ale samaki na mboga. Ukitaka kumfungia kitu, mfungie tende, njugu, kashata na mahamri makavu yaliyokolea iliki; hukaa. Usimtilie nyama wala matunda kwenye begi la ndege, forodha ya Marekani huyatupa mbele ya macho yake na huenda wakamtoza faini.

Ya swala, hukumu zake muulize imamu wa mtaa wenu, mimi ni mtu wa kamba. La mwelekeo naweza kukujibu, nalo litakufurahisha. Makka iko karibu kabisa na mstari mmoja na Mombasa, sisi tuko kusini yao, ndiyo maana misikiti yetu huelekea kaskazini. Kule Ketchikan wako upande wa pili wa dunia, na njia fupi ya kwenda Makka hupita juu, karibu na ncha ya kaskazini. Kwa hiyo huko nako kibla ni kaskazini, ikipinda kidogo sana mashariki. Na meli yenyewe ikitoka Bellingham yaelekea kaskazini-magharibi sehemu kubwa ya safari. Asimame akitazama omo, ageuke kulia kama nyuzi 50, yaani nusu ya pembe mraba na kuzidi kidogo, atakuwa karibu. Dira ya simu asiiamini, melini imezungukwa na chuma na huongopa. Amuulize baharia meli yaelekea wapi.

Ami, salamu nyingi. Mimi na mume wangu twataka kwenda Pemba kwa shangazi yangu, Chake Chake, na pikipiki yetu, tupitie Lunga Lunga. Mume wangu asema tukifika Tanga tutafute jahazi la mizigo, tuipakie, tulale sitahani, asubuhi tuko Pemba. Mimi naona hatari, yeye asema naogopa maji. Tuamue.
*Bi Mwenye Shaka, Likoni*

Bi, mume wako nampenda kwa kuwa anapenda bahari, lakini kura yangu nakupa wewe.

Jahazi la mizigo halina pete za kufungia pikipiki. Itawekwa juu ya magunia, itafungwa kwa kamba ya katani, na nyinyi mtalala kando yake. Mkondo wa kati ya Tanga na Pemba una kina cha mamia ya mita na maji yake hukimbia. Kusi likipamba, Juni hadi Agosti, mawimbi huja ubavuni usiku kucha. Pikipiki ikiteleza gizani haitachagua imwangukie nani.

Njia ya watu wenye pikipiki ni ndefu zaidi. Shukeni hadi Dar es Salaam, mpande meli yenye sitaha ya magari. Azam Sealink hubeba magari na pikipiki kati ya Dar, Unguja na Pemba. Ulizeni siku za safari kabla ya kutoka nyumbani. Mpakani Lunga Lunga na Horohoro mtahitaji hati halisi ya umiliki wa pikipiki, na kama jina lililomo si lenu, barua ya mwenyewe. Bima ichukueni ile kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania huikubali ijapokuwa ilijitoa COMESA yenyewe. Unguja na Pemba wana taratibu zao za vyombo vya kigeni, kwa hiyo bandarini Dar ulizeni kabla ya kulipa nauli ya pikipiki. Kufunga ni kama nilivyomweleza kijana wa Kibokoni, mikanda ile ile.

Usiku wa meli mwaweza kulala nje, hewa ni nzuri kuliko ndani ambako kila mtoto anatapika. Mkeka, shuka, kanga ya kujifunika umande, na tangawizi mbichi ya kutafuna. Mume wako akianza kubadilika rangi, mtoe atazame mstari wa mbali ambapo bahari hukutana na mbingu, asitazame simu.

Sasa lile linalokutia shaka. Unayo haki. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, usiku, imejaza watu kupita kiasi chake kwa mbali sana. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar. Hiyo Skagit, kijana wa Kibokoni na asikie hapa, ilitoka huko huko Seattle: ilikuwa boti ya abiria ya jimbo la Washington, imezoea maji yaliyokingwa na visiwa. Ikaletwa kwetu, ikatiwa kwenye kusi la Julai. Chombo kina maji yake.

Kwa hiyo mkiwa gatini, kabla hamjapanda, tazameni ubavu wa meli. Kuna duara lililochorwa, limekatwa na mstari katikati. Waingereza waliulazimisha kwa sheria mwaka 1876, na leo meli za dunia nzima huwa nalo. Pembeni yake pana mistari mingine midogo yenye herufi, hiyo ni ya misimu na aina za maji. Kwenye maji yetu ya joto kipimo ni mstari wenye herufi T, ulio juu kidogo ya ule wa duara; huo ukiwa umezama, meli imebeba kupita kipimo. Tazameni kama imeinama upande ikiwa imefungwa bado gatini. Ingieni mtazame kama vijia vimezibwa na magunia na majokofu, na kama maboya yako mahali mkono unafika, hayajafungiwa kabatini. Likikosekana moja, shukeni. Nauli imeliwa? Na iliwe. Shangazi atangoja.

Mimi ni mtu wa bodaboda. Tukivuka feri ya Likoni wenzangu hubaki wamekalia pikipiki, wengine injini inanguruma. Mimi nashuka, nazima, nasimama kando. Wananiita bwana harusi. Nani ana haki?
*Bodaboda wa Mtongwe*

Wewe. Simama upande wa stendi, kushoto, gia imeingia, mkono kwenye breki ya mbele. Aliyekalia pikipiki katikati ya nyingine zilizosongamana, moja ikilala zote hulala, na mguu wake uko katikati ya chuma na chuma. Na injini inayonguruma kando ya mama aliyebeba mtoto ni utovu wa adabu, mbali na hatari.

Utelezi wenyewe hauko katikati ya maji, uko mwisho. Siku za bamvua, maji yakipwa sana, feri hukaa chini na mteremko wa kutokea husimama wima, saruji yake ina ukungu wa kijani ulioachwa na maji. Subiri mlango uguse na watu wa miguu watoke. Panda moja kwa moja kwa gia ya kwanza, mzigo wako uwe mbele si nyuma, na abiria wako ashuke atembee. Atanung'unika, atembee tu. Na magari yape nafasi nyuma yako: tangu gari lile liliporudi nyuma likatumbukia hapo Likoni, Septemba 2019, mimi sisimami nyuma ya gari lolote kwenye feri, hata liwe la nani.

Ukiwa na mzigo mkubwa na huna haraka, zunguka Dongo Kundu. Daraja lipo sasa, na petroli ya ziada ni rahisi kuliko kioo na taa mpya.

Ami, naenda Lamu kwa pikipiki Desemba. Nataka kuivusha hadi mjini, kisha nilale juu ya jahazi angalau usiku mmoja. Yawezekana?
*Msomaji wa Majengo*

La pili yawezekana, la kwanza sikushauri. Pikipiki iache Mokowe, upande wa bara, ndani ya ua wa mtu unayemjua au uliyeelekezwa, mkiandikiana. Kuvuka hadi Lamu kwa boti si mbali. Mji wenyewe vichochoro vyake ni vya watu na punda. Utashinda ukisukuma pikipiki na kuomba radhi.

Usiku wa jahazini zungumza na nahodha mchana, si jioni, na mkubaliane bei ikiwa ni pamoja na chakula au la. Mwambie atie nanga nyuma ya kisiwa cha Manda, mahali palipokingwa. Desemba kaskazi limeshaanza, anga safi, lakini alfajiri hupuliza. Lala karibu na tezi, nyuma, maana mbele utarushiwa maji. Hema usibebe. Chandarua ndicho cha kubeba, ukitia nanga karibu na mikoko mbu watakujua kwa jina.

Barabarani kutoka Malindi kupitia Garsen na Witu safiri mchana tu, jaza tangi Malindi, na kitambulisho kiwe mfukoni; utakiombwa njiani zaidi ya mara moja.